Kulelewa kiroho ana kwa ana: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyakusanya kwenye benchi moja la mbao nyuma ya kanisa letu, chini ya mwarobaini, ambako kwa miaka mingi nimekaa na watu mmoja mmoja baada ya ibada. Mimi ni mzee wa kanisa, Mlutheri, mama wa watu wazima sasa, si mchungaji. Wanaokuja ni wasichana wa kwaya, bodaboda, walimu, wajane, na siku hizi hata Wakatoliki na wapendwa wa makanisa ya kiroho, maana mtu akilemewa haulizi benchi ni la dhehebu gani. Nimejibu hapa kama ninavyowajibu wao.

Huduma ya kiroho ya mtu mmoja mmoja ni kitu gani hasa?

Ni Mkristo mmoja kukaa na mwenzake, kumsikiliza, kuomba naye, na kumsaidia atambue Mungu anafanya nini katika maisha yake. Wengine wanaiita malezi ya kiroho, wengine ushauri wa kichungaji, wengine wanasema tu "nina mtu ninayeongea naye".

Ukitaka kuiona ikifanyika, fungua Matendo 8. Afisa wa malkia wa Kushi yuko garini, njia ya jangwa ya kutoka Yerusalemu kwenda Gaza, anamsoma Isaya kwa sauti. Filipo anakimbia mpaka analifikia gari na kumuuliza kama anayaelewa anayoyasoma. Yule bwana anajibu: "Nitawezaje kuelewa, mtu asiponiongoza?" Filipo anapanda, anaketi naye, na anaanzia andiko lile lile alilomkuta nalo. Hakuja na somo lake mfukoni. Kisha wanafika penye maji, afisa anabatizwa, na Filipo anaondolewa machoni pake. Biblia inasema yule mtu "alikwenda zake akifurahi".

Mstari huo wa mwisho ndio ninaoushika kuliko yote. Mlezi aliondoka, na aliyelelewa akaendelea na safari, tena kwa furaha. Ukiona malezi yanamfanya mtu ashindwe kutembea bila mlezi wake, ujue yameharibika mahali. Mengi nitakayosema huko chini yanatoka hapo.

Nina Biblia na nina Roho Mtakatifu. Binadamu wa nini tena?

Samweli aliitwa na Mungu mwenyewe, kwa jina lake, mara tatu, na mara zote tatu alimkimbilia Eli. Sauti aliisikia vizuri. Hakujua ni ya nani. Eli naye hakuwa mtu wa kusifiwa: macho yalikuwa yamepofuka na wanawe walikuwa wakiidharau sadaka ya Bwana. Lakini ndiye aliyetambua. Akamwambia kijana arudi akalale, na akiitwa tena aseme, "Nena, Bwana, kwa kuwa mtumishi wako anasikia." Hakujifanya kumsemea Mungu, wala hakuingia chumbani kusikiliza kwa niaba yake.

Kazi ya mlezi ni hiyo ya Eli. Roho Mtakatifu ndiye anayeongoza. Mlezi anakusaidia usikimbie kwenye mlango usio wenyewe.

Si ningeenda tu kwenye mkutano mkubwa wa maombezi?

Nenda ukitaka, na Mungu anaweza kukukuta huko. Ila jukwaani hakuna anayekujua. Tarehe 1 Februari 2020, pale Moshi, watu 20 walikufa wakikanyagana kuwahi mafuta ya upako yaliyomwagwa uwanjani. Huwa nawaza kila mmoja wao alikwenda na shida gani, na kama kuna mtu mmoja aliyewahi kukaa naye nusu saa kumuuliza.

Je, hii ni sawa na kitubio?

Hapana, ingawa ni ndugu. Kwa Wakatoliki kitubio ni sakramenti. Unaungama kwa padri, unapewa maondoleo, na padri amefungwa na siri ya maungamo. Kanuni ya 983 ya sheria ya Kanisa inasema siri hiyo haivunjwi kwa neno wala kwa namna nyingine yoyote, kwa sababu yoyote ile. Malezi ya kiroho yanaweza kufanywa na padri huyo huyo, lakini pia na mtawa, katekista au mlei aliyekomaa, na mazungumzo yenyewe hayawi sakramenti.

Sisi Walutheri wengi tumesahau kwamba Katekisimo Ndogo ya Luther ina sehemu juu ya maungamo, na inafundisha kupokea ondoleo kutoka kwa anayekuungamisha kama kutoka kwa Mungu mwenyewe. Unaweza kumwomba mchungaji wako maungamo ya faragha hata wiki hii. Wengine wanashtuka nikiwaambia hivyo. Kwa Waanglikana mlango huo uko wazi pia, wala hakuna anayelazimishwa kuupita. Makanisa ya Kipentekoste husimama zaidi kwenye Yakobo 5:16, "Ungameni dhambi zenu ninyi kwa ninyi, na kuombeana, mpate kuponywa."

Tofauti ninayowapa watu kwa ufupi: kwenye maungamo unapeleka dhambi, kwenye malezi unapeleka maisha yote, na furaha zimo.

Wazee wetu wa Uamsho walikuwa wakiungama mbele ya wote. Kwa nini tusirudi huko?

Swali hili huniuliza wazee wa Bukoba na Kigezi zaidi, na nalipenda, kwa sababu mama yangu aliokoka katika Uamsho huo wa Afrika Mashariki.

Historia yake ni tamu. Mwaka 1929 daktari Mwingereza Joe Church, aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya misheni ya Gahini, Rwanda, alikutana Namirembe, Kampala, na Mganda aitwaye Simeoni Nsibambi. Wote wawili walikuwa wakavu kiroho na walijua hivyo. Wakakaa, wakasoma Biblia, wakaomba. Watu wawili tu. Moto uliowaka Gahini miaka iliyofuata ukashika Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika. Neno "walokole" lenyewe limetoka katika Kiganda, maana yake waliookoka. Askofu Josiah Kibira wa Bukoba, aliyekuja kuwa Rais wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Ulimwenguni kuanzia 1977 hadi 1984, alitoka katika uamsho huo.

Walichokiita "kutembea nuruni", kwa kufuata 1 Yohana 1:7, kilikuwa na nguvu ya ajabu. Mtu aliyeiba alirudisha. Mwenye chuki na ndugu yake alivuka kijiji kwenda kumwambia. Mzungu aliungama kiburi chake mbele ya Mwafrika, jambo ambalo wakati wa ukoloni halikuwa dogo hata kidogo. Wakimaliza wanaimba kwa Kiganda "Tukutendereza Yesu", yaani twakusifu Yesu, na kukumbatiana.

Lakini nilikuwepo pia, nikiwa binti, siku mama mmoja aliposimama kwenye ushirika akaungama jambo la nyumbani kwake, na kesho yake kisimani kila mtu alikuwa nalo. Hakurudi tena ushirika. Kuweka dhambi nuruni ni kwema. Kumweka mtu juani ni jambo lingine. Ndiyo maana mimi nasema: anzia kwa mmoja. Kama dhambi yako iliwaumiza watu hadharani, utafika wakati wa kusema hadharani, na mlezi mwenye busara atakusaidia kuona wakati huo na maneno yake. Kama haikuwa hivyo, haidaiwi kipaza sauti.

Nitampata wapi mlezi, na nitamjuaje anayefaa?

Usianze kwa kutafuta mwenye karama za kutisha. Angalia mtu ambaye watu humwachia watoto wao. Angalia anayeweza kukaa kwenye msiba bila kuhubiri. Msikilize anavyowasema wasiokuwepo: akikuletea habari za fulani leo, zako zitapelekwa kwa fulani kesho. Na uone kama yeye mwenyewe ana mtu anayemlea. Asiyeongozwa na yeyote, mimi simpeleki mtu kwake.

Si lazima awe mchungaji. Usharika wa mjini una washarika maelfu na wachungaji wawili au watatu, na hao wana mazishi, ndoa, vikao na ujenzi. Imani ya Timotheo, Paulo anasema wazi, ilikaa kwanza ndani ya bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Bibi wa nyumba ya tatu anayeomba saa kumi alfajiri anaweza kuwa ndiye mlezi uliyekuwa unamtafuta. Kwa Wakatoliki, jumuiya ndogo ndogo ni mahali pazuri pa kuanzia kuangalia, kwa kuwa mnakutana nyumbani kwa nyumbani na unamwona mtu akiwa kwake, na wajukuu wake, na hasira zake.

Ukimwona, mwombe kwa maneno ya kawaida: "Mama, shikamoo. Nina mambo ningependa kuongea nawe, na tuombe pamoja. Naomba nafasi ukipata." Akikataa usimkasirikie. Anayejua mipaka yake amekusaidia tayari.

Siku ya kwanza inakuwaje?

Saa moja inatosha. Zaidi ya hapo mtu huanza kurudia. Baada ya hapo mara moja kwa mwezi ni vizuri, au kila wiki mbili kama umo katika kipindi kigumu. Mnaanza kwa kimya kidogo na sala fupi, unasema, mlezi anauliza, mnasoma andiko kama lipo linalogusa, mnaomba, mnaagana. Simu zimezimwa zote mbili.

Usijali kama hujui pa kuanzia. Karibu kila mtu huanza na jambo lisilo lenyewe, na sijawahi kumlaumu yeyote kwa hilo. Kuna fundi seremala aliyekuja kwangu kuombewa biashara. Akaongea karibu saa nzima: bei ya mbao, mteja asiyelipa, mwanafunzi wake aliyeondoka na randa. Tukaomba. Akainuka, akaichukua baiskeli yake pale ukutani, akaanza kuisukuma, kisha akasimama na mikono kwenye usukani, akiangalia tairi la mbele. "Mama, kuna kingine kidogo tu." Kile kidogo kilikuwa baba yake, ambaye hawakuwa wamesemezana miaka tisa, na alikuwa amelazwa wodini wiki ya pili. Baiskeli ikarudi ukutani. Tangu siku hiyo sipangi kazi nyingine mara tu baada ya saa ya mtu, kwa sababu jambo lenyewe husemwa mlangoni.

Naona aibu. Je, akinidharau?

Aibu ni kawaida, na Nikodemo alimwendea Yesu usiku, pengine kwa sababu kama hiyo. Hakufukuzwa arudi mchana. Sema kidogo kwanza. Angalia kile kidogo kinavyopokelewa, ndipo uamue kuhusu kikubwa. Waswahili wamesema mficha maradhi kilio humfichua, lakini hawakusema umwonyeshe kidonda kila apitaye.

Siri zangu zitakaa?

Muulize kabla hujasema lolote: "Haya yatabaki kati yetu?" Mlezi wa kweli hatachukia swali hilo.

Kwangu mimi siri maana yake ni kwamba simwambii mume wangu, simwambii mchungaji, siitumii kama mfano kwenye kipindi cha akina mama hata nikibadilisha jina, bila mwenyewe kuniruhusu, na sikuombei kwa sauti kwenye kesha kwa namna ambayo wenye akili watajumlisha. Maombi ndiyo njia ambayo siri nyingi za kanisa huvujia. "Tumwombee dada yetu fulani, anapita kwenye majaribu katika ndoa yake", basi, imekwisha. Usiandike mambo mazito kwenye WhatsApp wala usimtumie ujumbe wa sauti. Simu huazimwa, hupotea, na watoto hucheza nazo.

Kuna mipaka miwili ninayomwambia mtu tangu mwanzo. Mtoto akiwa anadhulumiwa, sitanyamaza. Kuna Dawati la Jinsia na Watoto kwenye vituo vya polisi hapa Tanzania, na namba 116 ya kusaidia watoto, Tanzania na hata Kenya, haina gharama. Na mtu akiniambia anataka kujiua, sitamwacha peke yake. Nitamwita ndugu anayemwamini na tutakwenda hospitali pamoja, usiku ule ule ikibidi. Padri aliye kwenye kitubio ana sheria yake. Mimi wa kwenye benchi nina hii.

Mlezi wa jinsia nyingine anafaa?

Anaweza, lakini mahali pawe pa kuonekana na pasiwe pa kusikika, kama lile benchi. Mlango wa ofisi uwe wazi au wa kioo. Isiwe usiku, isiwe chumbani, isiwe safari ya "kuombea mlimani" mkiwa wawili. Mtumishi akikuambia masharti hayo ni ya watu wenye mawazo machafu, usirudi kwake. Na akikugusa kwa namna iliyokufanya ugande, kosa si lako. Mwambie mtu mzima unayemwamini leo, kabla hajakupigia simu ya kuomba radhi na kukuombea unyamaze.

Ninapaswa kulipa?

Hapana. "Mmepata bure, toeni bure" ni maneno ya Bwana mwenyewe, Mathayo 10:8. Kilo ya sukari au maembe ya shambani mwako ni shukrani, na kumnyima mtu nafasi ya kushukuru si vizuri pia. Ila ikishakuwa huwezi kumwona mtumishi mpaka utume kitu, hiyo ni biashara.

Dada mmoja alinionyesha simu yake. Alikuwa akisogeza ujumbe mmoja mmoja wa miamala kwa kidole gumba, bila kusema kitu: elfu ishirini ya kufunguliwa, elfu hamsini ya mbegu, elfu thelathini ya kumwona mtumishi faragha. Ujumbe wa 11 ulikuwa wa elfu kumi na tano. Akasema, "Hii ilikuwa ya viatu vya shule vya mwanangu." Mtoto alikuwa amekaa naye pale benchini, na ndala miguuni. Sikuwa na andiko la kumsomea. Tulilia kwanza.

Mtumishi ameniambia, "Bwana amenionyesha uolewe na fulani", au "uache kazi". Nimtii?

Hapana, usitii haraka. Biblia haituachi bila msaada juu ya hili, na kuna sura moja ambayo natamani ihubiriwe kila mwaka: 1 Wafalme 13.

Mtu wa Mungu anatumwa kutoka Yuda kwenda Betheli. Amepewa agizo lake mwenyewe: asile mkate, asinywe maji, asirudi kwa njia aliyoijia. Mfalme anamkaribisha, anakataa. Kisha nabii mzee anamfuata njiani, anamkuta ameketi chini ya mwaloni, anamwambia, "Mimi nami ni nabii kama wewe", na kwamba malaika amemwagiza amrudishe nyumbani kwake akale. Biblia inaongeza kwa ufupi wa kutisha kwamba alimwambia uongo. Yule mtu wa Mungu akamwamini, nadhani kwa sababu ya mvi na cheo. Akala, akaondoka, simba akamuua njiani.

Mungu alikuwa amesema naye moja kwa moja, na akaliacha neno lile kwa ajili ya neno la mtumishi mwenye sifa. Kwa hiyo neno lolote unaloletewa na mtu mwingine lipime. Linapatana na Maandiko? Linapatana na kile Mungu amekuwa akikuambia wewe siku zote? Watu wawili au watatu waliokomaa, wasiofaidika nalo, wanasemaje? Paulo aliagiza manabii wanene na wengine wapambanue, 1 Wakorintho 14:29, na anayekataa kupambanuliwa amejitoa mwenyewe katika agizo hilo. Neno la Mungu juu ya ndoa yako halitaharibika ukilisubirisha miezi sita.

Nasema kwa ukali kidogo kwa sababu ya Shakahola. Mwaka 2023, katika msitu huo wa Kaunti ya Kilifi, Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, wengi wao watu waliofunga kula hadi kufa wakiamini ndivyo watakavyokutana na Yesu. Watoto walikuwamo. Jambo kama hilo halianzii msituni. Linaanza siku mtu anapoambiwa asimuulize mtumishi swali, na asiongee tena na dada yake asiyeokoka, na anakubali.

Mtume Petro aliwaandikia wazee wa kanisa wasijifanye mabwana juu ya mitaa yao, bali wawe vielelezo kwa kundi. Mlezi anayekutenga na ndugu zako, anayekutisha kwa laana ukitaka kuondoka, anayetaka umpigie simu kabla ya kila uamuzi, ondoka kwake. Huhitaji ruhusa yake ili uondoke.

Nimeambiwa niache dawa kwa imani.

Usiache. Paulo, ambaye kwa mkono wake wagonjwa waliponywa, alisafiri na Luka, "yule tabibu mpendwa", na alimwandikia Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Hakumwambia imani yake ni ndogo. Mimi huwawekea watu mikono na kuwaombea uponyaji, kisha nawauliza tarehe yao ya kliniki ni lini. Aliyeponywa, vipimo vitasema, na daktari ndiye atakayeondoa dawa.

Hili linahusu sonona pia. Eliya, muda mfupi baada ya ushindi mkubwa wa maisha yake, alikaa chini ya mretemu akaomba afe. Malaika hakumkemea wala hakutoa pepo. Alimpa mkate ulioiva juu ya makaa na gudulia la maji, akamwacha alale, akaja tena mara ya pili na chakula. Mazungumzo kuhusu wito yalikuja baadaye kabisa, kwenye mlima Horebu. Mtu asiyelala wiki tatu, asiyekula, anayesema afadhali nisiwepo, anahitaji hospitali na anahitaji mlezi, vyote viwili.

Mume wangu ananipiga. Nimeambiwa nivumilie na kuomba.

Dada yangu, aliyekuambia hivyo amekosea. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mtu mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya viboko. Kanisa haliwezi kuwa na huruma kidogo kuliko sheria ya nchi. Kwanza uwe salama, wewe na watoto. Nenda kwa ndugu, nenda Dawati la Jinsia. Ukiwa Kenya piga 1195. Tutaomba ukiwa salama. Msamaha utazungumzwa kwa wakati wake, na kusamehe si kurudi kulala penye kisu.

Mlezi asijaribu kuwakalisha wote wawili mezani mara moja. Nimewahi kufanya kosa hilo nikiwa mgeni katika kazi hii: mke alisema ukweli mbele yangu, na akapigwa kwa huo ukweli walipofika nyumbani. Sijalisahau.

Mlezi wangu amenikaripia. Ana haki?

Inategemea amekuambia nini na wapi. Nathani alimwambia Daudi "Wewe ndiwe mtu huyo", lakini alikwenda kwake mwenyewe, na alianza kwa kisa cha mwana-kondoo wa maskini hata Daudi akajihukumu kwa kinywa chake. Wagalatia 6:1 inataka aliyeghafilika arejezwe "kwa roho ya upole". Ukweli uliosemwa faragha na mtu anayekupenda, hata ukichoma, kaa nao siku tatu kabla ya kujibu. Kufokewa mbele ya kwaya si malezi.

Niko Ghuba, nafanya kazi za ndani. Nitalelewaje?

Kwa simu inawezekana. Pangeni saa ambayo kweli ni yako, hata dakika 20, na mtu huyo huyo mmoja. Kwa mfano, mjini Muscat, Oman, kuna makanisa, Ruwi na Ghala, na ibada nyingi ni Ijumaa, kama una ruhusa ya kutoka. Ila kama pasipoti imezuiwa au hulipwi, maombi yangu yatakuja pamoja na namba ya ubalozi wako.

Watu wameanza kuja kwangu. Nitawezaje kuwalea?

Pokea kwa hofu nzuri. Rafiki za Ayubu walikaa naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno, na hizo ndizo siku saba walizofanya vizuri. Kosa lilianza walipofungua midomo kueleza sababu. Nyamaza kuliko unavyodhani inafaa. Mtu akinyamaza, usijaze. Akilia, usikimbilie "usilie, Mungu ni mwema", mwachie kitambaa.

Usiwe na watu wengi. Mimi nina saba, wa nane anasubiri au namwelekeza kwa mwingine. Usilee shemeji yako wala mdaiwa wako. Usitoe ushauri siku ya kwanza. Ukisikia jambo lisilo saizi yako, sema "hili linanizidi, twende kwa fulani". Na uwe na wa kwako wa kukusikiliza, bila kumtajia majina ya watu wako, maana mizigo ya wengine ikilala ndani yako bila kupelekwa kwa Bwana huoza, nawe utaanza kuwakaripia watu wa nyumbani mwako bila kujua kwa nini.

Mlezi wangu amehamishwa. Mwingine anauliza: amefariki. Nifanyeje?

Mchungaji akihamishwa, muage vizuri na usimfuate kwa simu kila wiki. Kule alikokwenda wapo wanaomsubiri, na mrithi wake anahitaji nafasi. Kaa miezi miwili mitatu bila mlezi. Andika kwenye daftari aliyokufundisha, kwa maneno yake kama unayakumbuka. Kisha anza kutazama tena.

Aliyefariki, mwombolezee kama mzazi. Wangu alikuwa mjane wa mwinjilisti, bibi mfupi mwenye kicheko cha ghafla, na kwa miaka 14 aliniuliza swali lile lile kila nilipoketi, kabla hata sijapewa chai: "Umeongea na Mungu lini mara ya mwisho bila kumwomba kitu?" Tulimzika wakati wa masika, udongo ukiwa mzito kwenye majembe. Mwezi mzima nilikuwa nikifika mlangoni kwake kwa mazoea, najikuta nimesimama pale. Siku hizi swali lake najiuliza mwenyewe, Jumamosi jioni, nikiwa nimekaa uani nachagua mchele.